Fremu Zisizokosa Kazi

Taa za Krismasi zina maisha yao ya siri. Januari unazikunja vizuri, unazifunga uzi, unazitia kwenye mfuko wa plastiki uliouficha tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku Juni 2019, kisha unauweka juu ya kabati. Hakuna anayeugusa mwaka mzima. Desemba unaufungua na kukuta kamba zote zimeshikana kama ndugu wenye kesi ya shamba: hujui nani alianza, na ukimvuta huyu, yule naye anakuja.

Tuseme umefanikiwa kuzifumua. Unachomeka, nusu zinawaka, nusu zinakutazama. Taa hizi zimeungwa kwa makundi, umeme ukitoka balbu hii kwenda ile, hivyo moja ikikata, kundi lake zima linagoma. Hapo mwananchi wa kawaida hutupa zote, hupanda daladala hadi mjini, na maeneo ya Soko Kuu hakosi kijana aliyejitundika taa mpya mabegani, tayari kupatana bei.

Mimi si wa kundi hilo. Mimi ni Mpare wa Same. Yote yanayosemwa juu ya sisi na fedha nimeyasikia, mengi yake nyumbani kwangu, maana nimeoa Mchaga wa Rombo na utani wa makabila yetu hatukuuacha kanisani siku ya ndoa. Nilipotangaza kwamba nyumba yetu ya Kijenge, Arusha, haitanunua taa nyingine mpaka Bwana arudi, mke wangu hakushangaa. Aliuliza tu, “Na hizo mbao, baba watoto, utaokota?”

Mbao zilihitajika kwa sababu mpango wenyewe ulikuwa wa fremu. Nilikuwa nimeona kwenye simu Mmarekani mmoja akitengeneza fremu nyepesi za mbao zenye vipimo vya madirisha yake, akazikaza taa pembeni kwa klipu za waya mara moja tu, basi. Desemba anapachika, anachomeka, anaingia ndani kunywa kahawa. Januari anabandua na kuzisimamisha stoo. Hakuna kufumua, hakuna solotepu inayoondoka na rangi ya ukuta. Kitu kinatengenezwa leo, wajukuu wanakirithi. Nikaona huyu bwana, japo ni Mmarekani, lazima ana bibi Upareni.

Najua watasema desturi hii ya taa madirishani si yetu. Wenyewe wana sababu. Kule Stockholm mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, na mtu anayetoka kazini gizani anahitaji dirisha lenye taa ili aitambue nyumba yake. Sisi jua letu huzama saa kumi na mbili na nusu na ushee, Desemba kama Juni, na nyumba yangu naitambua kwa geti lisilofunga. Lakini tukisema kila kisicho chetu tukiache, basi na umeme wenyewe turudishe. Hata kwao taa hizi si za kale: ni mwaka 1882 tu, kule New York, ambapo Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, alipamba mti wa Krismasi kwa balbu 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na bluu, akauweka uzunguke kwa mota. Historia imemsifu sana kwa kuziwasha. Juu ya Januari yake, alipoanza kuzifungua, imekaa kimya.

Fundi nilimpata kando ya barabara, chalii mwenye randa nzuri na imani kubwa. Mbao zilikuwa saiprasi, za mbili kwa moja, na harufu yake ilikuwa ya mti uliokuwa bado mlimani wiki iliyopita. Nilimwambia aje nyumbani apime.

“Hamna haja, mzee wangu. Madirisha ya Kijenge yote nayajua. Nne kwa nne.”

“Yangu hayalingani.”

“Mzee, usijali. Dirisha ni dirisha.”

Nyumba yetu ilijengwa na fundi mwingine, ambaye naye aliamini hivyo hivyo na hakuwa na tepu. Kwa hiyo fremu zilipofika kwenye guta, kila moja nne kwa nne kamili, zilikutana na madirisha yenye misimamo tofauti. Ya chumba cha watoto ililegea, ikashikwa kwa gazeti lililokunjwa. Ya jikoni ilikubali kuingia kwa mshazari tu. Ya sebuleni iliingia kwa nyundo, kisha mvua za vuli zikanyesha, saiprasi mbichi ikavimba, na kuanzia hapo haikuwa fremu tena bali sehemu ya jengo. Moja, ya chumbani kwetu, haikupata dirisha hata kidogo. Fundi aliitazama, akalitazama dirisha, akanipa pole kwa kujengewa vibaya.

Lakini zilipendeza. Usiku ule wa kwanza nilitoka mpaka barabarani nizitazame, na hapo ndipo ilipojitokeza tofauti kati yetu na Mmarekani. Yeye hupachika fremu kwa nje. Kwetu nje kuna wavu wa mbu, ndani kuna nondo ambazo fundi wa kuchomelea aliziwekea maua, kisha ndiyo fremu, kisha pazia. Pazia likifungwa sawasawa, linaikumba fremu mpaka kwenye nondo na kuzivisha taa vitambaa. Likifunguliwa, taa zinaonekana, na sebule nzima inaonekana nazo, ikiwa imemulikwa vizuri kwa rangi nne zinazobadilika. Tulikuwa tunakula makande. Asubuhi jirani alimsimamisha mke wangu getini na kumuuliza kwa upole kama kazini kwangu mambo yanakwenda, kwa sababu ameona makande jana, na juzi pia yalikuwa makande. Bakuli la kabichi lililotufikia jioni lilikuwa la upendo, ila lilikuwa na ujumbe.

Baadaye wiki hiyo mvua ilinyesha mchana na jioni ikawa ya joto, nao kumbikumbi wakatoka ardhini. Kumbikumbi wakiona taa huwa hawaulizi za nani. Wavu wetu una tundu ambalo mbu walilianza na paka akalimalizia, na kwa tundu hilo waliingia wote waliokuwa na afya njema. Sebule ilijaa mbawa. Mke wangu alizima taa zote, akawasha tochi ya simu juu ya beseni la maji, wakaifuata huko, akaniuliza kutoka gizani kama yule Mmarekani alilieleza na hili.

Sikujibu, kwa sababu nilikuwa nimetulia katika hesabu. Kamba ya taa 100 za LED haizidi wati 10. Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 kwa saa moja, maana yake kamba moja inaweza kuwaka saa 100 ndipo iimalize uniti. Mtu mwenye hesabu ya namna hiyo anavumilia mbawa kwenye chai.

Kisichoingia kwenye hesabu ni Rombo. Wasomaji wa kaskazini hawahitaji kuelezwa: ikishafika tarehe 20 Desemba, Wachaga wa nchi nzima wanakwenda nyumbani kuhesabiwa. Zile kilomita kama 80 za Arusha hadi Moshi zinakuwa za nusu siku, basi linabeba mbuzi, mbuzi anabeba lawama, na mitaa yenye wapangaji kutoka Machame, Kibosho, Marangu na Rombo inabaki kwa mbwa na walinzi. Mtaa wetu ni mmojawapo. Usiku wa mkesha, ambao ndio taa zinatengenezewa, hapakuwa na mtu wa kuziona, na sisi wenyewe tulikuwa Rombo, kwa mama mkwe, penye mgomba, moshi na mbege, na dirisha lisilotaka mapambo.

Funguo nilimwachia jirani yetu Mmeru, ambaye kwao ni hapa hapa, Mlima Meru ukiwa nyuma ya nyumba yake, hivyo haendi popote kuhesabiwa. Nilimwomba awashe taa kila jioni. Alinipigia kabla hata nyama haijaiva.

“Kaka, nimezizima.”

“Kwa nini tena?”

“Zinatangaza. Madirisha yanameremeta, ndani kimya, geti halifungi. Hata mtoto anajua wenyewe wako Moshi.”

Januari tuliporudi, tulitoa fremu zote isipokuwa ya sebuleni, iliyongoja kiangazi ndipo ikasinyaa na kutoka yenyewe usiku, kwa kishindo kilichomwamsha mchungaji nyumba ya pili. Nikazisimamisha stoo, taa zikiwa palepale, zimenyooka, hakuna fundo hata moja. Siku ile nilijisikia Mpare kamili.

Sasa, Mmarekani hana tatizo la stoo kwa sababu kwake kitu kikihifadhiwa kimehifadhiwa. Kwetu mbao iliyosimama bila kazi inaudhi ukoo. Mama mkwe alikuja kutibiwa macho, akaona fremu ya watoto, akaipigilia kipande cha neti na kuanikia ulezi. Alifanya kwa ustadi, bila kugusa taa, hivyo sikuwa na la kusema, na kwa mama mkwe hata ningekuwa nalo ningelimeza. Ya jikoni aliiomba yule jirani wa kabichi, akaitandaza juu ya kitalu chake kuzuia jua lisiunguze miche. Ya sebuleni ilikwenda kanisani, kwa kuwa Shule ya Jumapili walikuwa na igizo la Pasaka na jumba la Pilato halikuwa na dirisha. Hakuna aliyewaambia watoto wasichomeke. Pontio Pilato alinawa mikono huku nyekundu na kijani zikiwaka na kuzima juu ya kichwa chake, na waumini waliimba wimbo uliofuata kwa furaha isiyoendana na Ijumaa Kuu.

Iliporudi, Juni ilikuwa imeingia, na baridi ya Arusha ya Juni na Julai haina utani na mtu anayeoga maji ya ndoo. Dirisha la bafuni halijawahi kuwa na kioo. Fremu ikawambwa nailoni, ikazuia upepo wa mlimani. Agosti watoto waliing’oa, wakaisimamisha mtaani iwe goli la chandimu, na nimeambiwa ni goli zuri kwa sababu mpira ukigusa waya, waya hutikisika na ubishi unaisha.

Ilibaki ile iliyokosa dirisha tangu mwanzo. Hiyo mke wangu aliipima kwa macho tangu siku ilipoletwa, akanyamaza. Banda lake la kuku wa mayai lilikuwa na mlango wa bati uliokwishaoza, na uwazi wa mlango huo ulikuwa, kwa sababu anazozijua Mungu na yule chalii, nne kwa nne. Ilipachikwa na taa zake, kwani kuziondoa kungekuwa kuharibu kazi ya fundi, na wavu wa kuku ukakazwa juu yake.

Kilichofuata hakikuwa kwenye mpango wangu, lakini nakipokea. Muuza chakula cha kuku alikuja kudai deni lake, akaona taa mlangoni, akauliza kama zinawaka. Ndiye aliyetueleza kwamba kuku wa mayai, akitaka kutaga vizuri, anahitaji mwanga wa saa kama 16 kwa siku. Kuku wa Ulaya hufaidi siku ndefu za kiangazi, lakini wa kwetu, waliozaliwa jirani na ikweta, wanapata saa 12 hivi mwaka mzima, hivyo wafugaji wanaojua huwaongezea saa zilizobaki kwa balbu. Tulichomeka jioni hiyo hiyo. Mwanzoni taa zilibaki kwenye hali ya kumetameta, na kuku walikesha wakitazama mlango. Tulipobonyeza kile kidude mpaka zikatulia na kuwaka mfululizo, nao wakatulia. Baada ya hapo mke wangu alianza kununua trei.

Desemba ilipokaribia nilipita kukusanya mali yangu. Ulezi ulikuwa juu ya moja, kwa hiyo hiyo hapana. Kwa jirani nilikaribishwa chai, nikaonyeshwa miche iliyokuwa na afya kuliko mimi, nikarudi na kabichi nyingine. Goli lilikuwa na mechi. Nilipofika bandani mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na daftari. Alinisomea mayai ya mwezi, akanisomea umeme wa mwezi, kisha akanikumbusha kwamba Desemba ndiyo kila mtu anaoka keki. “Ulisema zitumike tena na tena,” aliniambia. “Hizi hazijapumzika hata siku moja.”

Kwa hoja hiyo Mpare hana rufaa. Krismasi hii madirisha yetu yana mapazia tu, na pambo pekee la umeme katika mtaa mzima liko kwenye banda la kuku. Jirani Mmeru amekubali kuziwasha tukienda Rombo, maana mwizi yeyote anayekaribia banda la kuku usiku atapigiwa kelele na wenye nyumba. Wapita njia husimama getini kuuliza ni wazo la nani. Mke wangu huwaambia ni langu, mimi nakubali, na kabla hawajamaliza kucheka amekwisha kuwauliza wanataka trei ngapi.