Wewe Nani, Mwenye Miiba? Dalili Sita za Kulitambua Dungusi Dogo la Prairi

Kwenye nyanda za nyasi za Marekani na Kanada, zile ziitwazo prairi, theluji hulala miezi mizima, na bado kuna madungusi. Ni madogo, yamejificha nyasini, tena yanafanana kiasi cha kumkera hata mtu mpole. Tuyatenganishe, tukianza na dalili dhaifu kabisa.

6. Ukubwa
Haukusaidii kitu. Yote ni mafupi, na wengi huyagundua kwa kisigino kabla ya jicho. Majira ya baridi hupunguza maji mwilini ili yasigande, yakanywea hadi karibu usawa wa ardhi. Ukilipima Januari umejisumbua bure.

5. Mahali
Afadhali kidogo. Mpungate mdogo, Opuntia fragilis, umefika kaskazini hadi bonde la Peace River huko Kanada, kwa hiyo usiseme "hapa pana baridi mno". Sisi wa Afrika Mashariki tuna kasoro yetu: kila chenye shina nono la kijani tunakiita dungusi. Mnyaa ukikatwa hutoa maziwa meupe. Huo si wa ukoo huu hata kidogo. Ukoo wa madungusi ni wa Amerika, isipokuwa Rhipsalis baccifera, ambalo pia huning'inia mitini katika misitu yetu, na halina miiba ya kujivunia.

4. Umbo
Hapa ndipo kazi inapoanza. Ukiona vipande vilivyoungana, kimoja juu ya kingine, huo ni mpungate. Wa fragilis una vipande vidogo vilivyovimba kama viazi, na hukatika kwa kuguswa tu. Kipande hunasa kwenye kiatu chako au manyoya ya mnyama, kikasafiri bure, kikaota kwingine. Nauli unalipa wewe, kwa maumivu. Mwaka 1805, watu wa msafara wa uchunguzi wa Lewis na Clark walilazimika kuweka soli mbili kwenye viatu vyao vya ngozi huko Montana kwa sababu ya mipungate. Tena mipungate ina vimiiba vidogo sana vinavyong'oka na kubaki ngozini. Usiviondoe kwa meno, tafadhali.

3. Matuta au vinundu?
Kama ni duara lisilo na vipande, tazama mwili. Matuta yanayoshuka toka juu hadi chini? Huenda ni Echinocereus viridiflorus, lenye maua ya kijani-njano yanayochomoza ubavuni badala ya kichwani. Vinundu vilivyosimama kimoja kimoja, vyenye mfereji mwembamba upande wa juu? Hapo umebaki na washukiwa wawili: Escobaria vivipara na Escobaria missouriensis. Hesabu miiba ya katikati ya kinundu: missouriensis kwa kawaida lina mmoja au halina kabisa, vivipara lina kadhaa. Vaa miwani.

2. Ua
Vivipara hutoa ua la waridi linalokaribia zambarau, missouriensis la njano iliyofifia. Tatizo ni kwamba ua halikungoji wewe upate likizo. Wiki chache mwanzoni mwa kiangazi, basi.

1. Tunda
Hili ndilo shahidi wangu. Tunda la vivipara huwa kijani, kisha polepole hugeuka jekundu-kahawia lisilong'aa, na mbegu zake ni za kahawia. La missouriensis hukaa muda mrefu, likawa jekundu la kung'aa majira ya kuchipua ya mwaka unaofuata, na mbegu zake ni nyeusi. Ukikuta tunda jekundu la kung'aa na ua jipya kwenye dungusi moja, hilo ni missouriensis; usibishane na mtu.

Jina sasa, kama unalitaka la kuandika daftarini. Mtaalamu wa mimea Thomas Nuttall aliliita vivipara letu Cactus viviparus mwaka 1813. Baadaye likawa Mammillaria, Coryphantha, Escobaria, na siku hizi wapo wanaoliweka Pelecyphora. Hata mkwepa madeni habadilishi majina hivyo. Andika lolote kati ya hayo, ila ongeza picha ya miiba na ya tunda.

Na usiling'oe. Katika jimbo la Minnesota, vivipara limeorodheshwa kuwa mmea ulio hatarini kutoweka, nalo huota kwenye miamba ya matale iliyo magharibi mwa jimbo. Piga picha, uondoke, ukague soli zako.