Utukufu wa Dawa ya Kuziba Rejeta

Katika maduka ya spea ya jiji la Mwanza hakuna bidhaa inayosimangwa na mafundi na bado ikapata mnunuzi kila uchao kama chupa ndogo ya dawa ya kuziba, yaani kimiminika, unga au vidonge vinavyotiwa ndani ya rejeta, injini au gia boksi ya gari kuukuu ili maji au oili viache kuvuja bila mtu kufungua nati hata moja. Wahaya wa ng'ambo ya pili ya ziwa wana majigambo ya kuwasifia mashujaa wao, na Wasukuma, katika sherehe za Bulabo zinazofanyika Bujora, huwapa Bagika na Bagalu, wale mahasimu wakongwe wa ngoma, nafasi ya kujitukuza mbele ya umati. Dawa ya kuziba, ambayo huenda ndiyo iliyowafikisha baadhi ya watazamaji hao uwanjani, haijapata hata ubeti mmoja. Dhuluma hiyo yafaa irekebishwe, na kwa kuwa chupa haina ulimi, itabidi wengine waisemee.

Ili ukubwa wa fadhila zake ueleweke, ni lazima kwanza afahamike mgonjwa mwenyewe. Kenya hukataa kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, lakini Tanzania hulipokea hata lile lililo zee zaidi na kulitoza ushuru wa ziada kwa ajili ya umri huo, hivyo gari huweza kufika Mwanza likiwa limekwisha kumaliza ujana wake Japani, kisha likaanza maisha ya pili ambayo hayana mwisho unaojulikana. Watu huyasoma maisha hayo ya pili kwenye kibao cha namba: gari la namba A, yaani lile ambalo herufi zake tatu huanza na A, ni la miaka ya mwanzo ya karne hii, na madereva wengine hulipisha njia zaidi kwa hofu ya breki zake kuliko kwa adabu. Ndani ya gari la namna hiyo mirija ya rejeta imeliwa na kutu. Sili, ambazo ni pete za mpira zinazozuia oili isitoke pale shafti inapopita, zimekakamaa. Gasketi, yaani utando unaobanwa kati ya vyuma viwili ili visipitishe kitu, imechoka kubanwa. Na kila asubuhi, chini ya injini, pana doa jipya ambalo mwenye gari hulifunika kwa mchanga kabla majirani hawajaamka.

Jiografia nayo haimhurumii mgonjwa huyo. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, maji yaliyo wazi huchemka Mwanza yakifika nyuzi 96 hivi za sentigredi, mapema kuliko yanavyochemka Tanga au Unguja. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta, ambao kwa springi yake huyafungia maji chini ya shinikizo na kukisogeza kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110; lakini shinikizo hukaa tu katika chombo kizima, na tundu lililo dogo kuliko punje ya ulezi latosha kulifukuza. Kwa hiyo gari linalovuja hupungukiwa maji na, pamoja na maji, hupoteza ule ukingo wa nyuzi chache uliolitenga na mvuke, jambo ambalo hudhihirika katikati ya mlima wa Bugando, abiria wakiwa wamejaa na dereva akitazama mshale wa joto kwa jicho la pembeni. Hapo ndipo fundi wa kando ya njia hushauri themostati itolewe, yaani kile kizuizi kinachofunguka maji yakishapata joto la kutosha, ushauri ambao umekuwa kama sheria ingawa themostati haikuwa na kosa lolote.

Katika dhiki hiyo ndipo dawa inapoingia, na namna yake ya kufanya kazi inastahili kustaajabiwa. Aina ya kwanza ina chembe na nyuzi nyepesi zinazoelea pamoja na maji, zikizunguka injini nzima bila kudai chochote, mpaka zinapokaribia tundu, ambapo mkondo wa maji yanayotoroka huzivuta, zikasongamana mlangoni na kujenga kizibo. Wahenga wake walitoka jikoni, kwani madereva wa nchi nyingi walikuwa wakivunja yai ndani ya rejeta, au kutia pilipili manga na unga wa haradali, na hata leo tangawizi iliyosagwa imo katika baadhi ya vidonge vya kiwandani. Aina ya pili hutumia silikati ya sodiamu, chumvi inayoyeyuka majini na kugeuka kigae kigumu inapokutana na joto kali kwenye ufa. Aina ya tatu haizibi kitu, bali huilainisha na kuivimbisha mipira ya sili iliyokakamaa ili irudi kubana kama zamani, na mafundi wasio na fedha ya kuinunua hutia maji ya breki ndani ya oili kwa lengo hilohilo, wakijua kwamba mpira utavimba mwezi huu na kuoza mwezi ujao. Mtu wa Mwanza hana haki ya kuyaona hayo kuwa ya kigeni, kwa sababu mafundi wa mitumbwi wa pwani ya ziwa wamekuwa wakiupandisha mtumbwi mchangani na kuukalafati kwa nyuzi za pamba tangu zamani, wala hakuna mvuvi aliyewahi kuambiwa kwamba anadanganya.

Wanaoidharau dawa hii kuwa ni ya maskini hawaijui nasaba yake. Mwaka 1958 nyambizi ya Marekani iitwayo Nautilus, ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia, ilikuwa ikipenyeza maji ya chumvi ndani ya kondensa, yaani chombo kinachougeuza mvuke uwe maji tena, na ufa wenyewe haukupatikana. Kamanda wake, William Anderson, akawatuma mabaharia wakiwa wamevaa kiraia wazunguke Seattle kununua makopo ya dawa ya rejeta, na wakarudi na makopo 140. Dawa ikamiminwa, uvujaji ukakoma, na tarehe 3 Agosti mwaka huohuo nyambizi hiyo ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Kampuni ya General Motors nayo iliviweka vidonge vya kuziba katika injini za Cadillac aina ya Northstar zikiwa bado mpya, tahadhari ambayo msemaji wa kiwanda angeiita uhandisi na fundi wa Nyakato, Mwanza, angeiita kwa jina lake.

Watesi wa dawa hudai kwamba haina macho, kwamba huziba tundu baya na mirija mizuri kwa bidii ileile. Shtaka hilo ni la kweli, lakini linasahau mahali. Kiungo kinachozibwa upesi zaidi ni rejeta ndogo ya hita, ile iliyofichwa nyuma ya dashibodi ili kuwapasha joto abiria wa nchi za theluji, na katika jiji ambalo hata mwezi wa Julai watu hufungua vioo, kiungo hicho hakijawahi kutembelewa na mtu. Dawa ikakuta chumba kitupu ikahamia. Ubaya uko wapi? Ni kweli pia kwamba baada ya hita hufuata mirija ya rejeta kubwa, lakini huo ni msiba wa siku nyingine, na sifa ya kwanza ya dawa hii ni kujua kuitenganisha leo na siku nyingine.

Sifa hiyo huonekana vizuri zaidi siku ya mauzo. Dalali hufika kabla ya mteja, hufungua mfuniko injini ikiwa baridi, humimina chupa nzima, hujaza maji, huwasha gari na kuliacha lingurume, huku akifuta kwa tambara lenye petroli oili iliyoganda chini ya sampo, yaani bakuli la oili. Mteja hukuta sakafu kavu. Gari hupandishwa Bugando, mshale hubaki katikati, mikono hupeanwa. Kitu kinachobadilisha mmiliki asubuhi ile ni deni, na limebadilisha mmiliki bila ugomvi, bila hakimu na bila riba kutajwa. Hakuna benki yoyote jijini inayoweza kufanya hivyo kwa bei ya chupa moja.

Wenye michomoko, yale magari madogo kama Probox yanayobeba abiria kati ya miji na vijiji vya Kanda ya Ziwa, wana sababu yao mpya ya kuienzi. Hapo zamani gari lililoelekea Sengerema na Geita lilisimama Kigongo kungoja kivuko cha kwenda Busisi, na kungoja huko, kulikowachosha wenye haraka, kuliwapa wazee wa chuma nafasi ya kupoa na kuongezewa maji ya ziwa kwa kidumu. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lifunguliwe hapo tarehe 19 Juni 2025, ghuba ya ziwa huvukwa kwa dakika chache na injini haipumziki tena. Maendeleo yamemnyang'anya mgonjwa kitanda. Ni chupa peke yake iliyobaki kumshika mkono.

Haifai, hata hivyo, sifa zivuke mpaka. Mwaka 2009 serikali ya Marekani iliwalipa raia waliotoa magari yao yanayokula mafuta mengi, na ili injini hizo zisirudi barabarani iliagiza oili imwagwe, itiwe silikati ya sodiamu mahali pake, kisha injini iungurumishwe mpaka ikwame. Ni chumvi ileile inayouzwa kwa ajili ya gasketi iliyoungua. Kati ya tiba na hukumu ya kifo pana tofauti ya tundu tu lililomiminiwa, jambo ambalo kijana wa gereji anayefanya kazi jioni, taa ikiwa mbali, hana budi kulikumbuka.

Muuzaji wa spea mwenye uzoefu hulijua hilo na mengine zaidi. Haulizi gari linavuja wapi. Humuuliza mteja kama anasafiri au anauza, na akijibiwa kwamba mteja anabaki na gari lake, huirudisha chupa mahali pake na kumwonyesha rafu ya nyuma, zinakokaa rejeta.