Mjomba, Huku Taa Ndiyo Dalali



Ujumbe wako wa sauti nimeupata, pamoja na lile swali la mwisho uliloliuliza kwa ukali: "Kazi gani hiyo ya kupamba nyumba isiyo na mtu?" Nakujibu kwa barua maana kwa simu utanikatiza.

Hapa St. Paul, Minnesota, mtu akishahama na anataka kuuza nyumba yake, wanunuzi hawaonyeshwi kuta tupu. Sisi tunapewa funguo, tunapakia lori makochi, mazulia na taa, tunaipanga nyumba ionekane wenyewe wametoka kidogo kwenda dukani. Mezani sahani zimepangwa za watu sita, katikati bakuli la malimao ya plastiki. Chumbani shuka imepigwa pasi ikanyooka, lakini usithubutu kukaa: chini yake ni godoro la kujaza upepo juu ya makatoni. Anayetajwa kuanzisha mambo haya ni dalali mmoja wa jimbo la Washington, Barb Schwarz, mwaka 1972. Naona yeye na wewe mngesikilizana, au mngegombana siku ya kwanza.

Maana wewe, dalali wa huko nyumbani, unauza kwa mdomo. Nakusikia hapa nilipo: "Mtaa umetulia, majirani waungwana, msikiti huo hapo, watoto watapata wenzao." Dalali wa huku akitamka hivyo anajitafutia kesi. Sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza tangazo la nyumba kuonyesha upendeleo wa rangi, dini au taifa la mtu, na tangu 1988 imewakinga hata wenye watoto. Kwa hiyo wanafundishwa kuusifia ukuta na kuacha kumsifia jirani. Mdomo umefungwa, zinabaki taa ziseme.

Na hizo taa, Mjomba, ndizo zinazotutoa jasho kwenye baridi. Unaingia sebule ya nyumba ya dola laki tatu na ushee, unatazama juu: dari jeupe, halina taa wala kishikizo cha balbu. Swichi ipo mlangoni. Unaibonyeza, kimya. Mtu wa kwetu angeuliza kama umeme wa LUKU umeisha. Kumbe kanuni zao za umeme zinaruhusu swichi ya sebuleni au chumbani iwashe soketi badala ya taa ya dari. Taa ya kusimama ulete mwenyewe. Tena mara nyingi inayotii swichi ni nusu tu ya soketi. Soketi za huku zina nafasi mbili, ya juu na ya chini, kila moja ina sura ya mtu aliyeshtuka: macho mawili, mdomo wazi. Nusu moja inatii swichi, ya pili ina umeme saa zote. Baadhi ya mafundi huigeuza soketi hiyo miguu juu iwe alama, na wengine hawaachi alama yoyote. Ndiyo maana bosi wangu, mama wa makamo asiyecheka saa za kazi, huingia nyumba mpya na kitaa kidogo cha usiku mkononi. Anakichomeka kila soketi, mimi nawasha na kuzima swichi, tunaitana toka chumba hadi chumba kama waganga wanaopunga nyumba.

Kanuni hizo hizo zinataka ukutani pasiwe na mahali palipo zaidi ya futi 6 kutoka kwenye soketi, kwa sababu waya wa taa una urefu kama huo. Raha kwenye nyumba mpya. Lakini hapa kuna nyumba za miaka ya 1920 ambazo chumba kizima kina soketi mbili, na zote ziko nyuma ya mahali pa kitanda. Kuvuta ekstensheni katikati ya chumba ni aibu, kuipitisha chini ya zulia ni hatari ya moto. Basi taa ya upande wa pili inatiwa balbu ya betri. Mnunuzi anaiona inawaka, anatikisa kichwa ameridhika, wala haulizi inakula umeme wa nani.

Balbu nazo zina masharti. Tunanunua za Kelvini 2700 hadi 3000, zile za mwanga wa manjano. Za 5000, nyeupe pee kama za zahanati, bosi akizikuta anazifungua kwa mkono wake. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni, na watu wanakuja kuangalia nyumba wakitoka kazini, kwa hiyo nyumba inahukumiwa gizani. Taa nyingine tunazitegea saa zijiwashe zenyewe, majirani wasijue kwamba hamna mtu. Siku moja nilikuwa peke yangu ghorofani nanyoosha mapazia, nikasikia chini "tik", ngazi yote ikaingia mwanga. Nilishuka na Ayatul Kursi, sauti ya juu, mpaka nilipomwona huyo jini ni taa ya mezani.

Jikoni na bafuni kuna soketi zenye vitufe viwili, za kukata umeme haraka zikihisi hitilafu, mtu asipigwe shoti. Ikijikata moja ya gereji, huenda ya bafuni ikafa pia, maana zimeungwa msururu mmoja. Dalali anapiga simu akilalamika bafu halina umeme, bosi anamwuliza: "Gereji umekwenda?"

Nilimwonyesha bosi picha ya ukuta wetu wenye maandishi mekundu, NYUMBA HII HAIUZWI. Akaitazama sana, akauliza nani alitaka kuiuza. Nikamwambia, ndugu. Hapo alicheka.

Sasa Mjomba, kile chumba cha uani. Kabla hujaleta mpangaji, fundi aongeze soketi ya pili, ile moja ya juu ya mlango haimfai mtu. Na huyo mpangaji umwambie wazi mapema kwamba LUKU ni ya kuchangia, na kwamba mama wa chumba cha mbele anapika kwa jiko la umeme na ana maelezo marefu kila mnapohesabiana uniti.

Mpwa wako.