Mdau wa Siku ya Bamvua

Wafadhili wamegundua kwamba mama wa Msimbati naye ni mdau. Hongera zao, hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi ilitangazwa mlangoni pake tangu mwaka 2000. Sasa anaalikwa semina ya ushirikishwaji, hotelini Mtwara mjini, siku ya bamvua, maji yamekupwa na wenzake wako mwambani wanachokoa pweza. Asipofika, ripoti itaandika "mwitikio hafifu". Akifika, atapewa soda, fulana na fomu ya Kiingereza inayodai hesabu zilizokaguliwa za kikundi chake cha VICOBA, ambacho sanduku lake lina kufuli tatu na wakaguzi 30, wote majirani. Picha lakini atapigwa, tena mstari wa mbele. Waheshimiwa, kabla ya kupanga tarehe, utazameni mwezi, hauombi posho.