Mfuniko Hauna Mwenyewe

Chungu cha umeme kinachopika polepole kiliundwa kwa ajili ya nyumba isiyo na watu. Hilo kwenye boksi hawakuliandika. Walichoweka ni picha ya mama wa Kizungu akitoka kwenda kazini asubuhi, na nyingine amerudi jioni, kafunua, mvuke unapaa, meno yote nje. Kati ya picha hizo mbili hakuna mama mkwe, hakuna dada wa kazi, hakuna jirani aliyekuja kuazima kitunguu. Kuna saa nane za ukimya jikoni. Mimi tangu nioe sijawahi kusikia hata dakika nane.

Cha kwetu kililetwa na shemeji anayeishi Uingereza, na namshukuru Mungu hakuhamia Marekani. Rafiki yangu aliletewa cha huko, cha volti 120, akakichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230. Kilipika kwa kasi ambayo mtengenezaji hakuikusudia, kisha kikanuka, kisha nyumba nzima ikawa giza.

Jumamosi ile nilienda bucha mwenyewe, nikaomba nyama ya muundi na shingo. Muuza nyama aliweka kisu chini akanitazama kwa huruma. “Bosi, mwezi umekuwa mrefu, eh? Chukua steki, hela utaleta.” Ningemweleza vipi, na foleni nyuma yangu imefika barabarani? Steki kwenye chungu hiki hukauka tu. Kinachotakiwa ni nyama ya ng'ombe aliyetembea, na ng'ombe wanaofika mnadani Pugu wametembea maisha yao yote. Zile kano na nyuzi zinazowachosha watu meno, zikikaa saa nyingi kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea, huyeyuka na kuwa rojo zito la kulamba vidole. Nilitaja shingo mara ya pili. Akanifungia na mfupa wa bure, wa msaada.

Viazi na karoti huwekwa chini kabisa, karibu na joto, maana humo ndani mboga za mizizi huchelewa kuiva kuliko nyama. Aliyezoea sufuria haamini mpaka atafune. Juu yake nyama, kitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu. Maji kikombe kimoja yanatosha, kwani mvuke hautoki: unapanda, unagonga kioo cha mfuniko, unarudi chini matone. Nikazungusha swichi kwenye moto mdogo saa mbili asubuhi. Saa kumi jioni tule.

Kosa la chombo hiki ni huo mfuniko wa kioo. Kingekuwa chuma, watu wangeheshimu. Kioo kinakuahidi kwamba utaona, kisha kinajaa ukungu, huoni kitu, na mkono unakwenda wenyewe.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Moshi. Aliamka, akasali, akaingia jikoni.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, Baba Neema. Hiki chombo chako kimezimika.”

“Hakijazimika mama, kinapika polepole.”

“Kinapika? Mbona hakichemki?”

Na kabla sijajibu mfuniko ulikuwa juu, umeinamishwa, matone yote yanamwagikia mezani. Akachota mchuzi kwa mwiko, akadondosha kidogo kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akalamba, akatazama dari. “Chumvi,” akasema. Akaongeza. Halafu akaongeza jagi la maji, kwa sababu nyama bila maji itaungua, hilo halihitaji kusomea.

Kuna maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe, na “usifunue” ni mojawapo. Nilijaribu kumtuma mama watoto. Akaniambia huyo ni mama yake, hayupo tayari kufukuzwa kwenye ukoo kwa ajili ya karoti.

Basi wakafunua. Dada alifunua kuhakikisha kwamba mama amefunika vizuri. Watoto walifunua kuona kama ni kweli hakichemki. Jirani alifunua huku akiuliza ni nini hiki, jambo ambalo lingeweza kuulizwa kikiwa kimefunikwa. Mtu mmoja, na hadi leo hajajitaja, alifunua akatia mchicha, mboga ya kuwekwa dakika za mwisho, nao ukageuka uzi. Kijitabu cha maelekezo kinasema kila ukifunua unaongeza kama dakika 20 za kupika. Kwa hesabu hiyo, kufikia adhuhuri chakula chetu kilikuwa mbali zaidi kuliko kilivyokuwa asubuhi.

Mvumbuzi wa chombo hiki, Irving Naxon wa Chicago, aliyepata hataza yake mwaka 1940, alipata wazo kutokana na simulizi za mama yake aliyelelewa Lithuania. Huko familia za Kiyahudi zilipeleka chungu cha nyama na maharage kwa mwoka mikate Ijumaa kabla jua halijazama, kwa kuwa Sabato hairuhusu kuwasha moto. Chungu kililala tanurini mpaka kesho yake, kwenye joto lililobaki. Yaani siri ya chakula kile ilikuwa kwamba kilikuwa nyumbani kwa mtu mwingine. Naxon alituachia chungu, mwoka mikate akamsahau.

Saa tisa LUKU ikaisha. Si kosa la chungu. Kinakula uniti mbili tu kwa siku nzima, pasi ndiyo ilikuwa imefanya kazi yake. Nikanunua umeme kwa simu, dada akawa ananisomea tarakimu 20 kwa sauti huku watoto wakimsaidia kwa tarakimu zao wenyewe. Taa ziliporudi nikakimbilia jikoni. Chungu kitupu. Uani mama mkwe ameinama kwenye jiko la mkaa, kipepeo mkononi, sufuria inatokota mpaka mfuniko unacheza.

Tulikula kwa wakati. Nyama ilikuwa laini kweli, na kila aliyekuwepo alimsifu bibi kwa mkono wake. Zile saa saba za umeme hakuna aliyezitaja.

Usiku huo nikapata akili: kipike watu wakilala. Asubuhi mtu anywe supu na chapati, kama tunavyokunywa vibandani siku zote. Wiki iliyofuata nikapanga muundi saa nne usiku, nikazima taa ya jikoni, nikalala kama mwoka mikate. Saa tisa usiku harufu ikaniamsha. Ilikuwa imeingia mpaka chini ya shuka. Nikanyata koridoni, nikaona mwanga wa tochi ya simu jikoni, na mfuniko juu.

“Mama?”

“Naangalia chumvi tu, baba.” Akafikiri kidogo, akafungua kabati. “Lete na bakuli lako.”