Chupa Isikanyagwe

Mashavu bado yananiuma. Jana jioni, mbele ya foleni ya Wajerumani wasiopungua tisa, nilipiga magoti kwenye sakafu ya supamaketi moja hapa Leipzig nikaanza kupuliza chupa tupu za maji kwa mdomo, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyepewa kazi ya kujaza maputo ya kipaimara. Chupa zilikuwa 27. Zote nilikuwa nimezikanyaga mwenyewe, kwa kisigino, huku nikijisifu.

Kujisifu kwenyewe kulikuwa na msingi. Nimekulia Dar es Salaam, nimewaona waokota makopo wakifanya kazi. Plastiki inauzwa kwa kilo, na hewa haina bei. Chupa ukiikanyaga vizuri, kiroba kimoja kinabeba mzigo wa viroba vitatu. Nami nikazikanyaga zangu mpaka zikawa bapa kama dagaa, nikazipanga kwenye shangazi kaja niliyokuja nayo kutoka nyumbani, nikatembea kifua mbele. Niliwaona wanafunzi wenzangu njiani na mifuko iliyovimba chupa nzima nzima, nikawahurumia. Wasomi, lakini hawajui kupakia.

Sasa mashine ya kurudishia chupa. Tuitendee haki, maana ni kitu cha ajabu. Ukutani kuna tundu la duara lenye taa ya kijani. Unaingiza chupa kwa kitako. Mkanda unaivuta, inazungushwa kama muhindi juu ya jiko la mkaa, mpaka jicho la mashine lione bakodi, ile mistari myeusi, pamoja na kialama cha chupa, kopo na mshale kilichochapwa kwa wino wake maalumu ili mtu asijitengenezee vya kwake nyumbani. Ikiridhika na umbo pia, kwenye kioo zinaongezeka senti 25, na nyuma ya ukuta unasikia: kraa! Chupa imepondwa.

Ndiyo, imepondwa. Mashine ilizikataa chupa zangu kwa kosa la kupondwa, ili ipate nafasi ya kuziponda yenyewe. Ilinirudishia ya kwanza. Nikaigeuza, ikanirudishia. Nikaingiza ya pili, ikaitema kwa haraka zaidi, kama mtoto anayetema dawa.

Usiku sikulala, nilikuwa nasoma habari za chupa badala ya somo la takwimu nililokuja kusomea, na nakiri zimeniteka. Mwaka 1991 Wajerumani waliweka kanuni kwamba chupa za kurudishwa na kujazwa tena zikishuka chini ya asilimia 72 ya vinywaji vinavyouzwa, basi chupa na makopo ya kutupwa yatatozwa hela ya dhamana. Zikashuka. Dhamana ikaanza tarehe 1 Januari 2003, na kwa miaka mitatu ilikuwa vurugu, maana duka liliweza kukataa chupa za washindani wake. Mpaka Mei 2006 ndipo maduka yakalazimishwa kuzipokea bila kubagua. Chupa ya plastiki ya kutupwa au kopo ni senti 25. Chupa ya kawaida ya bia ni senti 8 tu, nayo haipondwi, inaoshwa na kujazwa tena. Chupa ya mvinyo haina kitu. Usiulize kwa nini, mimi niliuliza. Na kuponda ndiko kupiga muhuri wa "imeshalipwa", ili mjanja asiirudishe chupa ile ile mara ya pili. Kwa hiyo kila chupa ni hundi, na mimi nilichana hundi 27 kabla sijafika benki. Na hela ya chupa isiyorudi haiendi serikalini wala kwa maskini, inabaki kwa kampuni iliyouza kinywaji.

Kinachoniuma ni kwamba utaratibu huu naujua tangu utotoni. Tulikuwa tukitumwa soda dukani kwa Mangi, unakwenda na chupa tupu mkononi. Huna chupa, unaacha hela ya chupa. Tofauti ni kwamba Mangi alinijua. Ningempelekea chupa yenye ufa angenitazama, angecheka, angenipa soda na kuniambia nikamsalimie mama.

Pale supamaketi, nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja mwenye kofia ya sufu. Alinigusa bega, akachukua chupa moja, akaiweka mdomoni, akapuliza mara moja. Pop! Ikasimama. Akanirudishia bila kutabasamu, akarudi kwenye nafasi yake katika foleni. Nikaelewa. Nikapiga magoti.

Kupuliza chupa ya lita moja na nusu si mchezo. Ya tano niliona nyota. Ya kumi na mbili mtoto mmoja alimuuliza baba yake jambo, baba akamvuta mkono. Ya kumi na tisa nilikumbuka kwamba nina kitambulisho cha chuo kikuu mfukoni. Mashine ilikubali 22, zile tano bakodi zilikuwa zimekunjika mno. Jumla euro 5.50, karibu milo miwili ya kantini yetu. Vikatokea vitufe viwili kwenye kioo, kimoja kushoto, kimoja kulia, vyote vya Kijerumani. Bibi alikuwa anahema mgongoni kwangu. Nikabonyeza cha kushoto.

Kitufe cha kulia hutoa risiti ya kupeleka kwa keshia. Cha kushoto ni cha kuchangia chakula cha watu wasiojiweza wa mji huu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikujua walikuwa wakiwazungumzia Wajerumani.

Nilimpigia mama. Shikamoo, marahaba, nikamweleza yote nikitegemea pole. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "tumekupeleka Ulaya ukaokote makopo?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu swali lake lilikuwa la hela, na hela ndiyo iliyonileta kwenye tundu lile. Neno lenyewe tumelipata kwa Wajerumani: heller, sarafu yao walipotutawala, 100 kwa rupia moja kuanzia 1904. Waliondoka, neno likabaki, na hela yenyewe nimeifuata huku. Ila kabla hawajanipa viza walitaka waione yangu kwanza, euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa. Baba aliuza kiwanja. Mama alikopa kwenye vikoba. Mashangazi walichanga. Sasa hela hiyo hiyo ninagawiwa 992 kwa mwezi kama mtoto anayepewa nauli ya shule. Mfaransa ninayetumia naye jiko hakuweka dhamana yoyote. Alipanda treni, akashuka. Nimemwuliza mara mbili nikidhani ananificha kitu. Na kibali changu kikikaribia kwisha ninakwenda ofisi ya wageni na bahasha ya karatasi, wananigeuza na kunizungusha mpaka wapate alama wanayoitafuta, na wasipoipata ninarudishwa kwenye mkanda. Kule hakuna bibi wa kunigusa bega.

Mengine ni madogo. Nilipika wali kwa maji yenye gesi. Jumapili nilitupa chupa za jamu kwenye pipa la vioo, jirani akafungua dirisha kunijulisha kuwa Jumapili kioo hakivunjwi. Nilipata barua ya kudaiwa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, nami sina redio wala televisheni, chumba kinatosha. Na nimejifunza kwamba hapa mtu goigoi, asiyeweza jambo, huitwa "chupa".

Zile 27 zilitokana na woga tu: miezi miwili nilinunua maji ya dukani nikisubiri mtu aniambie kama ya bomba yanachemshwa. Hayachemshwi. Yanywe hivyo hivyo.

Nimebakiwa na nane chini ya kitanda, zimevimba vizuri. Ukija huku, chupa usiikanyage, na bonyeza cha kulia.