Keki Mbele, Foleni Nyuma

Kila inapofika wiki ya kwanza ya Oktoba, benki na mashirika yetu hushikwa na homa ya ukarimu. Wiki ya Huduma kwa Wateja ilianzia Marekani mwaka 1984, ikatufikia na maputo yake yote. Meneja ambaye mwaka mzima ni jina tu mlangoni anashuka na fulana mpya, anamlisha keki mzee mmoja mbele ya kamera, kisha anamlisha tena kwa kuwa mpiga picha hakuwa tayari. Nyuma ya mzee kuna foleni inayotokeza nje, madirisha sita na wahudumu wawili. Dirisha la tatu lina kibao: tafadhali nenda dirisha linalofuata. Linalofuata nalo lina kibao hichohicho.

Tumeaminishwa kwamba huduma bora ni tabasamu. Mimi nasema ni hesabu. Mdenishi Agner Krarup Erlang, mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 hesabu za simu zinazoingia kwa pamoja, na humo ikazaliwa elimu ya foleni. Elimu hiyo haina huruma. Chukua mhudumu mmoja anayemudu wastani wa wateja 20 kwa saa. Wakija 16, kila mmoja kwa wakati wake kama ilivyo kawaida ya binadamu, kwa wastani mtu atamaliza shida yake kwa robo saa. Wakija 19, atamaliza kwa saa nzima. Wameongezeka watatu tu! Meneja akitazama karatasi yake anaona 19 ni pungufu ya 20, anaridhika, anaagiza keki.

Wapo watakaosema tatizo ni nyodo za wahudumu. Nyodo zipo, sikatai. Lakini Kenya ilipofungua Huduma Centre ya kwanza, kituo cha huduma za serikali, jijini Nairobi, Novemba 2013, haikuagiza watumishi kutoka mbinguni. Iliwatoa katika idara zilezile zilizolalamikiwa, ikawaweka chini ya paa moja, ikawapa wananchi namba na viti. Mtu mwenye namba mkononi hana haja ya kujipenyeza wala kujifanya ana mgonjwa nyumbani. (Mtandao ukikatika, namba hubaki kumbukumbu, lakini angalau umekaa.)

Mwingine ataniuliza: mbona mama lishe wa mtaani hana foleni kama hiyo, naye alisomea wapi hesabu za Erlang? Hakusoma, anazitenda: ikikaribia saa saba mchana anamwita mpwa wake aje kubeba sahani, kwa sababu hatua tano kutoka kwake kuna mama lishe mwingine. Ugali ukiisha anasema umeisha. Hakwambii urudi Jumanne na picha mbili za pasipoti.

Kuna hoja nzito zaidi: wahudumu hulipwa mishahara, na madirisha yote sita yakifunguliwa gharama itapanda. Kweli. Ila si lazima yafunguliwe yote, wala kila siku. Tarehe za mishahara zinajulikana hata na wauza karanga wa pale nje, na dirisha la tatu likifunguliwa siku hizo pekee, foleni itayeyuka. Sherehe nayo sipendekezi ifutwe. Meneja avae fulana yake, akae dirisha la tatu tangu saa mbili asubuhi ya mwisho wa mwezi, ahudumie. Mtandao ukisumbua, yeye ndiye mwenye namba ya simu ya fundi.